Dada anapochora grafu ya uzito wa mdogo wake

Mwanafunzi wa sekondari anayejifunza kuandika programu huanza na vitu vinavyoonekana. Atachora duara, bendera, nyumba yenye paa la pembetatu. Akichoka na bendera hutafuta kitu cha nyumbani, na nyumba yenye mtoto mchanga ina mchoro mmoja uliokwisha kuandaliwa: mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki.

Ni zoezi zuri, na wazazi wanafanya vyema kuliruhusu. Tatizo ni kwamba programu ya mtu anayeanza hukosea, na mara nyingi hukosea kimyakimya. Bendera iliyopinduka humchekesha kila anayeiona. Grafu ya uzito iliyopinduka, au iliyobana miezi, inaweza kumtia mama hofu bure. Inaweza pia kumtuliza wakati ambapo alipaswa kuwa njiani kwenda zahanati, na hilo ni baya zaidi.

Mfano unaofuata si wa familia fulani, lakini nyumba nyingi zitajiona ndani yake. Binti yuko kidato cha pili, Mlalo, wilayani Lushoto. Ni likizo ya Juni, baridi imeshika milima ya Usambara, na jioni akitoka shambani kwenye viazi anaazima simu ya mama yake yenye programu ya Python. Mdogo wake wa kiume ametimiza mwezi wa 12. Binti anataka kuuchora mwaka huo mmoja kwenye skrini.

Alianza kwa busara. Kabla ya kugusa kadi ya mdogo wake, alichukua namba ambazo jibu lake linajulikana: uzito wa kati wa mtoto wa kiume katika viwango vya Shirika la Afya Duniani (WHO). Mtoto huyo wa kati huzaliwa na kilo 3.3, mwezi wa 6 anafika 7.9 na mwezi wa 12 anafika 9.6. Viwango hivyo vilitolewa mwaka 2006 baada ya kupima watoto wa nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Mstari wake unajulikana duniani kote. Unapanda kwa kasi miezi ya mwanzo, kisha unapanda taratibu. Programu ikichora kitu kingine, kosa liko kwenye programu.

Na kweli ilichora kitu kingine. Mwanzoni haikuchora chochote. Yalitokea maandishi mekundu ya Kiingereza, na binti akataka kufuta kila kitu aanze upya. Hapa mzazi asiyejua kompyuta anaweza kusaidia kwa kumwambia asome mstari wa mwisho wa maandishi hayo kwanza, kwa sababu Python huweka jina la kosa hapo, na juu yake huonyesha namba ya mstari lilipotokea. Kwenye simu, mkosaji mara nyingi ni kibodi. Inageuza herufi ya kwanza kuwa kubwa bila kuulizwa, na kwa Python “kilo” na “Kilo” ni majina mawili tofauti. Programu nayo inasema haimjui “Kilo”. Dawa ni kuzima herufi kubwa za kujiandika zenyewe kwenye mipangilio ya kibodi.

Makosa ya maandishi mekundu ndiyo mepesi, kwa kuwa yanajitangaza. Yanayofuata hayasemi kitu.

La kwanza ni la nukta ya desimali. Binti aliandika orodha yake kama watu wengi wanavyoandika daftarini: 3,3 kisha 4,5 kisha 5,6. Kwa Python, mkato hutenganisha vitu viwili. Kwa hiyo “3,3” haikuwa kilo tatu na pointi tatu, ilikuwa kilo 3 na kilo 3 nyingine. Orodha ya namba 13 ikageuka orodha ya namba 26, na mstari ukatoka kama meno ya msumeno. Penye kilo 7.0 mtoto alionekana ana kilo 7, na kwenye hatua iliyofuata kilo sifuri. Programu haikulalamika, maana orodha ya namba 26 ni orodha halali. Dawa ni kuandika nukta, 3.3, kisha kuiuliza programu ina namba ngapi kabla ya kuchora. Kuzaliwa na miezi 12 ni vipimo 13. Ikijibu 26, hakuna haja ya kuangalia picha.

La pili ndilo linalowapata karibu wote. Msumeno ulipoondoka, mstari ulikuwa laini, mzuri, na unashuka.

“Mama, njoo uone, mtoto anashuka.”

“Anashuka wapi, mwanangu, na mimi ndiye ninayembeba mgongoni kila siku?”

Jibu la mama lilikuwa sahihi kuliko picha. Shuleni, kwenye daftari la hisabati, sifuri iko chini na namba hupanda kwenda juu. Kwenye picha ya kompyuta, sifuri iko kwenye kona ya juu kushoto na namba huongezeka kwenda chini. Ni desturi ya zamani: televisheni za kioo kinene zilichora picha zikianzia kona hiyo, mstari baada ya mstari kuelekea chini, na kompyuta zikafuata.

Binti alitenga picha yenye nukta 300 kwenda chini, na kila kilo aliipa nukta 20. Kilo 3.3 ni nukta 66, kwa hiyo siku ya kuzaliwa ilikaa nukta 66 kutoka juu. Kilo 9.6 ni nukta 192, nayo ikakaa chini kabisa ya ile ya kwanza. Mtoto aliyenenepa akaonekana amekonda. Dawa ni kutoa kutoka kwenye kimo cha picha, yaani y = 300 - kilo * 20. Sasa siku ya kuzaliwa inakaa nukta 234 kutoka juu na mwezi wa 12 unakaa nukta 108. Mstari unapanda.

Hapo wengi huridhika, na ni rahisi kuelewa kwa nini. Picha sasa inafanana na ile ya kwenye kadi. Lakini mama akiweka kidole na kuhesabu miezi, anakuta nukta 12, si 13. Ule wa mwisho haupo. Binti aliiambia programu irudie mara 12, na Python huanza kuhesabu kwenye sifuri: sifuri, moja, mbili, mpaka 11, kisha inasimama. Mwezi wa 12 haukuchorwa kabisa. Kwa grafu ya mvua hilo lingekuwa jambo dogo. Kwa grafu ya mtoto, kipimo cha mwisho ndicho muuguzi anachokitazama kwanza.

Kadi ya mdogo wake

Baada ya hayo yote, programu ilikuwa sawa kwa namba za WHO. Binti akafungua kadi ya mdogo wake na kuingiza uzito uliomo: 3.1, 4.1, 5.1, 5.9, 6.5, 7.0, 7.3, 7.6, 7.8. Mstari ukapanda vizuri, hauna meno wala shimo. Kipimo cha mwisho, kilo 7.8, kilikaa juu ya mwezi wa 8. Mtoto wa kiume wa miezi 8 mwenye kilo 7.8 hana tatizo la kumkimbiza mtu. Uzito wa kati wa umri huo ni 8.6, na mstari wa onyo uko chini kabisa kwenye 6.9. Mama aliona picha, akafurahi.

Ila mtoto hakuwa na miezi 8. Alikuwa na 12.

Vipimo vilikuwa tisa tu kwa sababu miezi minne ilirukwa. Mpaka mwezi wa 6 mtoto alipimwa kila mwezi. Kisha ikaja masika, njia za milimani zikateleza, mavuno yakaingilia, na mama akaenda mwezi wa 9 na mwezi wa 12 pekee. Anayeijua Mlalo anajua kwamba kutelemka bonde moja na kupanda jingine ukiwa na mtoto mgongoni kwenye tope si jambo la kulaumiana. Kosa lilikuwa la programu: iliweka kila kipimo kwa zamu yake kwenye orodha, si kwa mwezi wake. Kipimo cha mwezi wa 9 kikasogea hadi wa 7, cha mwezi wa 12 kikasogea hadi wa 8. Miezi minne ya kusuasua ikafutika.

Wanaoanza wakigundua pengo hukimbilia kuweka sifuri kwenye miezi iliyorukwa. Hilo nalo ni kosa, kwa kuwa programu itaamini mtoto alikuwa na kilo sifuri na kuchora mstari unaoporomoka mpaka sakafuni. “Hakupimwa” na “alipimwa akaonekana ana sifuri” ni habari mbili tofauti, na kompyuta haiwezi kuzitofautisha isipoambiwa. Njia salama ni kuandika kila kipimo pamoja na mwezi wake, mwezi wa 6 na 7.3, mwezi wa 9 na 7.6, mwezi wa 12 na 7.8, kisha kuweka kila nukta juu ya mwezi wake halisi. Pengo liachwe lionekane kama pengo.

Binti alipofanya hivyo, picha ilibadilika sura. Mpaka mwezi wa 6 mstari ulipanda. Baada ya hapo ukalala. Kutoka mwezi wa 6 hadi wa 12 mtoto aliongeza nusu kilo, sawa na nukta 10 kwenye skrini. Mtoto wa kati wa WHO katika muda huohuo huongeza kilo 1.7, sawa na nukta 34. Na kwa miezi 12, mstari wa onyo kwa mvulana ni kilo 7.7. Huyu ana 7.8.

Sasa ni zamu ya kukagua kipimo chenyewe, kama ilivyokaguliwa programu. Je, mizani ilirudi sifuri kabla ya mtoto kuning’inizwa? Alivuliwa nguo? Swali la nguo lina uzito wake huko Lushoto, ambako Juni mtoto hufungwa sweta, kofia, soksi na kitenge juu. Nguo nzito na nepi iliyolowa zinaweza kukaribia nusu kilo, na nusu kilo ndiyo nyongeza yote ya mtoto huyu kwa miezi sita. Ikiwa mwezi wa 6 alipimwa mtupu na mwezi wa 12 akapimwa na sweta, basi huenda hakuongezeka kabisa. Mama anaweza kumwomba muuguzi arudie kipimo mtoto akiwa mtupu. Ni ombi la kawaida.

Kipimo kikithibitika, kinachobaki si cha kompyuta tena. Mstari uliolala ni sababu ya kwenda zahanati wiki hiyohiyo, hata kama mtoto anacheza na anacheka, na hata kama hajavuka mstari wa onyo. Grafu ya uzito ilibuniwa kwa kazi hiyo hasa. Daktari Mwingereza David Morley aliitumia vijijini magharibi mwa Nigeria mwishoni mwa miaka ya 1950 ili mama na muuguzi waone mtoto anayeanza kukwama kabla hajaugua. Mwelekeo wa mstari ndio unaosema, kuliko nukta moja.

Kilichotokea mwezi wa 6 wazazi wengi watakitambua. Ndio umri ambao maziwa ya mama peke yake hayatoshi tena na mtoto huanza chakula. WHO inashauri milo miwili hadi mitatu kwa siku kati ya miezi 6 na 8, kisha mitatu hadi minne kuanzia miezi 9, huku kunyonya kukiendelea mpaka miaka miwili au zaidi. Usambara haina uhaba wa mboga na matunda. Malori huyapeleka mpaka Dar es Salaam. Lakini mtoto anaweza kushiba viazi na uji mwepesi kila siku na bado mstari wake ukalala. Uji huo unahitaji kuwa mzito, na sahani inahitaji maharage yaliyopondwa, yai, dagaa waliosagwa, maziwa au parachichi, ambalo kwa Lushoto halimshindi mtu bei msimu wake ukifika. Muuguzi atataka pia kujua kama mtoto ameharisha, amekohoa au amepata homa, kwa sababu ugonjwa nao hulaza mstari.

Mambo mawili picha hii haiyaonyeshi, hata ikichorwa bila kosa. Udumavu hupimwa kwa urefu kulingana na umri, hivyo mtoto anaweza kuonekana sawa kwa kilo huku urefu ukibaki nyuma. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Ni pungufu kutoka asilimia 42 ya mwaka 2010, lakini bado ni karibu mtoto mmoja kati ya watatu, na wengi wao hawaonekani wagonjwa. La pili ni uvimbe. Mtoto aliyevimba miguu yote miwili anaweza kuonekana ana uzito mzuri kwa sababu ya maji mwilini. Huyo hasubiri grafu wala siku ya kliniki. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Utepe wa rangi tatu

Binti akifanikiwa na mstari, kazi ya pili anayoweza kuitamani ni utepe wa kupima mkono, ule wa nyekundu, njano na kijani anaotembea nao mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kuuchora ni rahisi. Rangi kwenye skrini hutengenezwa kwa namba tatu, za nyekundu, kijani na bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255, na mwanafunzi aliyezoea rangi za maji hushangaa kuona njano inatokana na nyekundu kuchanganywa na kijani. Hilo halina madhara.

Madhara yako kwenye mpangilio wa masharti. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzunguko wa mkono wa juu ulio chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kuanzia 11.5 na chini ya 12.5 ni njano. Kuanzia 12.5 ni kijani. Anayeanza huandika hivi: mkono ukiwa chini ya 12.5, paka njano. Kama sivyo, na uko chini ya 11.5, paka nyekundu, vinginevyo kijani. Ukisoma haraka unaona iko sawa. Lakini kompyuta hushika sharti la kwanza linalotimia na kuacha mengine, na mkono wa sentimita 11.0 uko chini ya 12.5. Utapakwa njano. Programu hiyo haitatoa nyekundu kamwe, hata kwa mtoto wa sentimita 9, na hakuna maandishi ya kosa yatakayojitokeza. Sharti la nyekundu linapaswa kutangulia.

Mzazi anaweza kuikagua bila kusoma hata mstari mmoja wa programu. Ampe binti namba nne za mipakani, moja baada ya nyingine, na atazame rangi tu: 11.4 itoe nyekundu, 11.5 itoe njano, 12.4 itoe njano, 12.5 itoe kijani. Hata moja ikitoka tofauti, mtoto wa jirani asipimwe kwa simu hiyo.